Besi ndiyo inayoamua: albamu za indi, kielektroniki na rege zilizosikilizwa Tanga

Msikilizaji wa muziki aliyekulia Tanga, hata kama hajawahi kushika chombo maishani mwake, ana kipimo ambacho hakukichagua: husikiliza kwanza gitaa la besi. Kipimo hicho kina historia. Katika miaka ya 1960 Black Star Musical Club, na baada yake Lucky Star, waliingiza magitaa ya umeme ndani ya taarab, ambayo upande wa Zanzibar ilikuwa bado muziki wa fidla, udi, ganuni na nai, na tangu hapo besi ikawa ndiyo inayoutembeza wimbo huku sauti ya mwimbaji, iwe ya Shakila Said au ya mwingine, ikielea juu yake bila haraka. Kwa upande wa dansi, Jamhuri Jazz na Atomic Jazz walifanya jambo lilelile kwa namna yao, na ndugu wawili, Wilson na George Peter Kinyonga, wakaondoka na ujuzi walioupata Jamhuri Jazz, wakapitia Arusha, na mwaka 1971 wakaanzisha Simba Wanyika huko Nairobi. Mji huu umezoea besi inayosikika vizuri, yenye nafasi, ambayo mtu anaweza kuiimba kwa mdomo akiwa juu ya baiskeli yake kutoka Chumbageni hadi Makorora.

Kwa kipimo hicho nimesikiliza albamu kadhaa za miaka ya karibuni kutoka pande tatu ambazo kwetu ni nadra kuwekwa meza moja: muziki wa bendi zinazojitegemea, ambao mashabiki wake huuita indi, muziki wa kielektroniki, na rege. Nimezisikiliza kwa hedifoni, kwa spika ya simu, na kwa sabufa ya kinyozi mmoja wa Ngamiani ambaye aliniruhusu niunganishe simu yangu nyakati za mchana wateja wanapopungua. Naitaja sabufa hiyo kwa makusudi, kwa sababu ndiyo njia ambayo watu wengi wa hapa huupata muziki, kwenye saluni, kwenye bajaji, kwenye maduka ya vipuri na kwenye baraza za jioni. Albamu isiyostahimili sabufa ya kinyozi itabaki kuwa mali ya mtu mmoja mmoja mwenye hedifoni nzuri, na naona msomaji anastahili kulijua hilo kabla hajatumia bando lake.

Nianze na A LA SALA ya Khruangbin, iliyotoka tarehe 5 Aprili 2024, kwa kuwa ndiyo iliyonivuta mapema kuliko zote na ndiyo ninayoendelea kuirudia. Khruangbin ni watu watatu kutoka Houston, Texas: Laura Lee kwenye besi, Mark Speer kwenye gitaa, na DJ Johnson kwenye ngoma. Mwaka 2020 walitoa Mordechai, ambayo ilikuwa na uimbaji mwingi kuliko kazi zao za awali, kisha mwaka 2022 wakashirikiana na Vieux Farka Touré wa Mali kutengeneza Ali, albamu ya kumuenzi baba yake, Ali Farka Touré. Baada ya kazi hizo mbili, ambazo zilikuwa zimewatanua kuelekea nje, A LA SALA inawarudisha watatu hao peke yao, na tofauti inasikika tangu dakika za mwanzo: hakuna mgeni, sauti za kuimba ni chache na ni za chini, na kila chombo kimeachiwa uwanja wake.

Besi ya Laura Lee ndiyo sababu kubwa ya kuitafuta albamu hii. Hapigi noti nyingi. Hupiga sentensi fupi, huirudia, kisha hunyamaza mahali ambapo wapigaji wengi wangeongeza nakshi, na katika ukimya huo gitaa la Mark Speer hupata pa kupita. Katika "A Love International" besi inakwenda kwa hatua za haraka kidogo, nyepesi, na gitaa linaifuata kwa nyuma kama linaloitikia badala ya kuongoza. Msikilizaji wa hapa atautambua mpango huo mara moja, kwa sababu ndio mpango wa dansi ya zamani ya Tanga: besi inauliza, solo inajibu, ngoma hazina haraka ya kuonyesha ujuzi. Katika "May Ninth" mwendo unashuka, sauti zinaimba kwa kunong'ona, na kila noti ya besi inakaa hewani kwa muda wake wote kabla ya kuachia nyingine. Huo ndio wimbo niliousikiliza zaidi kuliko wote nitakaoutaja katika makala hii, na bado sijaona mahali ambapo ningetaka kitu kiongezwe au kipunguzwe.

Kwa kinyozi, mzee mmoja aliyekuwa akisubiri zamu yake aliusikiliza wimbo mzima akiwa kimya, kisha akaniuliza, "Kijana, hawa ni wa Mombasa au ni wa hapa hapa?" Nilipomwambia ni Wamarekani alitikisa kichwa na kusema kwamba huyo wa besi amefundishwa na mtu mwenye subira. Sikuongeza neno, kwa sababu ndiyo tathmini sahihi kabisa ya kazi yao.

Albamu hii ina udhaifu wake, nao uko katika nusu ya pili. Nyimbo kadhaa zinaanza na wazo zuri kisha zinaisha kabla wazo halijakomaa, na kwa kuwa mwendo wa nyimbo hizo unakaribiana sana, msikilizaji asiye makini anaweza kupitwa na nyimbo tatu akidhani ni moja. "Hold Me Up (Thank You)" inaokoa hali kwa fanki yake yenye uchangamfu, na "Todavía Viva" ina ngoma kavu na safi ambazo DJ Johnson anazipiga kwa nidhamu ya hali ya juu, lakini kati ya hizo na mwisho kuna dakika ambazo zingeweza kukatwa. Hata hivyo sauti ya kurekodiwa ni nzuri mno. Kwenye sabufa besi haivumi wala haifuniki gitaa, na kwenye spika ya simu, ambako besi nyingi hufa kabisa, mstari wake bado unafuatika kwa kuwa umepigwa kwenye noti za kati badala ya zile za chini kabisa.

Siku hiyohiyo ya tarehe 5 Aprili 2024 Vampire Weekend walitoa Only God Was Above Us, yenye nyimbo kumi. Hawa ni vijana wa New York ambao albamu yao ya kwanza, ya mwaka 2008, ilikuwa na magitaa yaliyochota waziwazi kutoka kwenye muziki wa Kongo, na kwa sababu hiyo niliwatarajia makubwa. Safari hii wameuchafua muziki wao kwa makusudi: magitaa yana mkwaruzo, piano inakwenda mbio, ngoma zimerekodiwa kana kwamba zinavunja kipaza sauti. "Capricorn" ni wimbo mzuri wenye kiitikio kinachokaa kichwani, na "Hope", ambao unafunga albamu kwa takriban dakika nane, unajenga hisia yake polepole na kwa uaminifu. Lakini ni albamu ya hedifoni. Kwenye sabufa mikwaruzo yote inarundikana katikati na besi inapotea chini yake, na mashairi yake yamejaa majina ya watu na mambo ya New York ambayo msikilizaji wa mbali hana pa kuyashikia. Anayependa uandishi wa nyimbo uliofikiriwa sana atafaidi, ila mimi niliiheshimu zaidi ya nilivyoipenda.

Rege ina wenyewe Tanga, kama ilivyo na wenyewe Bagamoyo na pwani yote, na wenyewe hao ni wagumu kuridhisha. Wengi walilelewa na rege ya miaka ya 1970, ambamo ngoma kubwa huliacha wazi pigo la kwanza na kuangukia la tatu, gitaa la ridhimu hukata katikati ya mapigo, na besi hubeba wimbo wenyewe kiasi kwamba ukiondoa maneno yote bado unaweza kuutambua. Kwa watu hao, swali la kwanza kuhusu msanii yeyote mpya wa Jamaika ni kama bado anaiheshimu besi hiyo au ameiuza kwa mitindo ya sasa.

Swali hilo linamhusu sana Koffee. Gifted ilitoka tarehe 25 Machi 2022 na kwa hiyo si albamu ya jana, lakini albamu za rege haziishi kwa msimu mmoja, na hii bado inachezwa kwenye bajaji za hapa mjini, hivyo inastahili kupimwa kwa utulivu ambao haukuwepo ilipotoka. Koffee, mzaliwa wa Spanish Town, alikuwa na umri wa miaka 19 aliposhinda tuzo ya Grammy ya albamu bora ya rege mwezi Januari 2020 kwa Rapture, kazi fupi ya nyimbo tano, akiwa mwanamke wa kwanza na mtu mdogo zaidi kwa umri kupata tuzo hiyo. Gifted ndiyo albamu yake ya kwanza kamili, yenye nyimbo kumi zinazomalizika kwa takriban nusu saa.

Nusu saa hiyo ina mambo mengi. Wimbo wa kwanza, "x10", unaanza na gitaa la Bob Marley kutoka "Redemption Song", na juu yake Koffee anatoa shukrani kwa uhai na kwa alipofikishwa, kwa sauti nyepesi isiyojilazimisha. Ni uamuzi wa ujasiri, kwa kuwa wimbo huo unajulikana na kila mtu na ungeweza kummeza. Haukummeza, kwa sababu hakujaribu kushindana nao: anaimba kama mtu anayezungumza na mkubwa wake. "Shine" inawaomba vijana wenzake waishi, wasiingie katika njia inayowamaliza mapema, na inafanya hivyo kwa upole ambao nauona una nguvu kuliko ukali. "Lonely" ni rege ya mapenzi ya mtindo wa zamani, na hapa ndipo besi inapopewa kiti chake: mviringo, laini, yenye nafasi. Nilipouweka kwa kinyozi, vijana na wazee waliukubali kwa pamoja, jambo ambalo halikutokea kwa wimbo mwingine wowote wa albamu hii.

"Pull Up" ni habari nyingine. Umetayarishwa na JAE5, Mwingereza mwenye asili ya Ghana, na mapigo yake yanaelekea Accra na Lagos kuliko Kingston. Kwa masikio yetu, yaliyokwisha kuzoea mapigo ya Afrika Magharibi kutoka kila redio, unasikika kama mgeni aliyefika nyumbani kabla ya wenyeji. Ni wimbo mzuri wa kucheza, nao ndio unaopendwa na vijana wa bodaboda, lakini nikiuweka karibu na "Lonely" naona jinsi besi ilivyopungua na kuwa mguso tu chini ya ngoma. Hilo ndilo lalamiko langu kwa Gifted kwa ujumla: Koffee ana sauti, ana maneno, ana moyo, lakini nyimbo nyingi zimekatwa fupi na kung'arishwa kiasi kwamba hakuna mahali ambapo bendi inaachiwa iendelee kupiga baada ya maneno kwisha. Rege inahitaji dakika hizo za ziada. Ndizo zinazomfanya msikilizaji aisikie besi kwa mara ya pili na kuielewa.

Dakika hizo zimo kwa wingi ndani ya The Kalling ya Kabaka Pyramid, iliyotoka mwezi Septemba mwaka huohuo wa 2022 chini ya utayarishaji wa Damian Marley. Albamu hizi mbili ziligombea Grammy moja mwezi Februari 2023 na Kabaka Pyramid ndiye aliyeshinda. Nadhani waamuzi walifanya haki, kwa sababu ya namna albamu hiyo ilivyosimama kama kazi moja kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kabaka anachana maneno kwa kasi ya mtu wa hip hop lakini muziki ulio chini yake hauna papara: besi nene, ngoma zenye uzito, kinanda kinachojaza pembe. Wimbo uliobeba jina la albamu, ambamo wamo pia Stephen Marley, Protoje na Jesse Royal, ulifanya kioo cha kinyozi kitetemeke kidogo, na mwenye duka, ambaye ni mtu wa Bongo Fleva asiyejali sana rege, aliniomba nimtumie. Kasoro yake ni urefu. Kabaka Pyramid ana mengi ya kufundisha na wakati mwingine mafundisho yanautangulia wimbo, hasa kwa msikilizaji ambaye patwa, lugha ya mitaani ya Jamaika, inampita nusu. Kwa anayetaka kununua albamu moja tu ya rege kati ya hizi mbili, ningemshauri achukue The Kalling akiwa na sabufa, na Gifted akiwa na simu tu.

Muziki wa kielektroniki unatupeleka kwenye besi ya aina nyingine kabisa, ile isiyopigwa kwa vidole. In Waves ya Jamie xx ilitoka tarehe 20 Septemba 2024, miaka tisa baada ya In Colour ya 2015, albamu ambayo iliwakutanisha Young Thug wa Atlanta na Popcaan wa Jamaika katika wimbo mmoja na kuonyesha kwamba Jamie xx anajua kuisikiliza Karibiani. In Waves imeelekezwa moja kwa moja kwenye ukumbi wa kuchezea. Wageni ni wengi: Honey Dijon, Robyn, Kelsey Lu, John Glacier, Panda Bear, The Avalanches, na wenzake wawili wa bendi ya The xx, Romy na Oliver Sim, ambao wanaimba "Waited All Night" kwa sauti zilezile za karibu na sikio ambazo mashabiki wao wamezikosa kwa muda mrefu.

Ninachokithamini kwa Jamie xx ni namna anavyoichelewesha besi. Katika nyimbo kadhaa anaanza na sauti iliyokatwakatwa au mguso wa piano, anaurudia mpaka msikilizaji anaanza kuona kuna kitu kinakosekana, na ndipo besi inapoingia na chumba kizima kinabadilika. "Baddy on the Floor", aliyoifanya na Honey Dijon, ndiyo iliyofaulu zaidi kwenye sabufa. Ina uchangamfu wa disko ya zamani na haimhitaji msikilizaji ajue chochote kuhusu kumbi za London ili aipende. "Dafodil" ni nzuri kwa namna iliyo kinyume: sauti za waimbaji zinapishana kama watu wanaoongea kwa chini usiku, na mapigo yanayumba kidogo. Kwenye spika ya simu, hata hivyo, karibu albamu yote inabaki mifupa, kwa sababu besi zake ziko chini mno kwa spika ndogo kuzitoa. Na wimbo wa mwisho, "Falling Together", unaotegemea maneno yanayosemwa na Oona Doherty, mcheza dansi na mtunzi wa dansi kutoka Ireland Kaskazini, ulinichosha. Ujumbe wake kuhusu binadamu wote kuwa kitu kimoja ungetosha kubebwa na muziki wenyewe, ambao hadi hapo ulikuwa umeshausema vizuri.

Niseme machache tu kuhusu Natur ya KMRU, ya mwaka 2024. KMRU alikulia Nairobi na anaishi Berlin, ni mjukuu wa Joseph Kamaru, mwanamuziki mkongwe wa Kikuyu, na kazi yake haina ngoma wala wimbo kwa maana ya kawaida: ni kipande kimoja kirefu kilichojengwa kwa mivumo ya umeme na mitambo, ile ambayo masikio yetu yamejifunza kutoisikia. Haifai kwa kinyozi na sikuijaribu huko. Niliisikiliza usiku kwa hedifoni, na umeme ulipokatika mtaani katikati ya usikilizaji nilitambua kwa mara ya kwanza jinsi nyumba inavyonguruma umeme ukiwepo. Anayetafuta burudani aipite. Anayetaka masikio yake yaoshwe atapata anachokitafuta.

Nimeiacha mwisho Singeli Ya Maajabu ya Sisso na Maiko, iliyotolewa mwaka 2024 na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala, kwa kuwa ndiyo iliyo karibu nasi kuliko zote na ndiyo iliyonipa kazi kubwa zaidi ya kufikiri. Sisso ndiye mwenye studio ya Mburahati, Dar es Salaam, ambayo mwaka 2017 ilijulikana nje ya nchi kupitia mkusanyo uitwao Sounds of Sisso. Tangu hapo lebo hiyo imetoa Poaa ya Bamba Pana mwaka 2018, Tatizo Pesa ya Jay Mitta mwaka 2019, na Mr Mixondo ya DJ Travella mwaka 2022, na kila moja imelisogeza singeli hatua nyingine mbele. Wasomaji wa hapa wanalijua singeli la shughuli, la Msaga Sumu, Man Fongo na Sholo Mwamba, ambamo mwimbaji anatawala na mapigo yanamkimbiza. Singeli la Sisso na Maiko linamwondoa mwimbaji katikati na kuviacha vinanda na mashine vifanye kazi yote.

Kasi yake inapita mapigo 200 kwa dakika, na hilo pekee linatosha kumfukuza msikilizaji asiyejiandaa. Lakini kasi ni mlango tu. Ndani yake kuna Maiko kwenye kinanda, ambaye anapiga vijisehemu vya sauti vinavyofanana na michezo ya kompyuta ya zamani, vinavyopanda, kushuka, kujikwaa na kujisahihisha kwa wepesi unaoonyesha wazi kuwa ni mkono wa mtu unaofanya hivyo, wala si mashine iliyoachwa ijiendeshe. Nilirudia sehemu moja nikisikiliza kinanda tu na kuiacha ngoma ipite, na nikakuta kwamba muziki ulio juu ni wa taratibu kiasi: sentensi inaanza, inapumzika, inajibiwa. Ngoma zinakwenda mbio chini yake, lakini mdomo wa wimbo hauna haraka.

Na mdomo huo tunaujua. Singeli lilianza pale ma-DJ wa uswahilini Dar es Salaam walipochukua vipande vya vyombo kutoka kwenye nyimbo za taarab, wakavizungusha na kuviongeza kasi ili watu wa vigodoro wacheze. Vinanda vya taarab ya kisasa vilivyokuwa vikijaza nafasi kati ya beti ndivyo vilivyogeuka kuwa wimbo mzima. Kwa hiyo mtu wa Tanga anapolisikiliza singeli hili anasikia jamaa yake wa mbali, kizazi cha muziki uleule ambao mji huu uliupa magitaa, kikirudi kikiwa kimebadilika mwendo. Nilijaribu kulieleza jambo hilo kwa kinyozi wangu, naye akaniambia kwa kifupi, "Hii taarab imekimbizwa na mbwa, kaka, lakini ni taarab."

Lililokosekana ni besi. Kwa kasi hiyo noti ya chini haipati muda wa kuvuma kabla noti nyingine haijaingia, hivyo Sisso ameichagua ngoma kavu ya juu na kuipa besi kazi ya kugusa tu. Naelewa kwa nini, na kwenye spika ya simu uamuzi huo una faida kubwa, kwa sababu albamu hii ndiyo pekee kati ya zote isiyopoteza karibu chochote inapotoka kwenye sabufa kuingia kwenye simu. Imetengenezwa na watu wanaojua hadhira yao inasikiliza kwa nini. Lakini baada ya nyimbo nne au tano sikio langu la Tanga linaanza kudai ardhi ya kukanyaga, na halipewi. Ningeomba Sisso ajaribu siku moja kuchukua mstari mmoja wa besi wa Black Star, auache utembee kwa nusu ya kasi ya ngoma, na aone kinanda cha Maiko kitaujibu vipi.

Kwa anayetaka kuzipata, albamu nyingi kati ya hizi zinasikika kwenye YouTube na kwenye huduma za kusikiliza kama Spotify, ambayo ilifunguliwa Tanzania mwaka 2021. Singeli Ya Maajabu inauzwa pia kwenye Bandcamp, ambako mtu anaweza kusikiliza kwanza kisha akainunua na kupakua faili lenye ubora kamili. Malipo yanahitaji kadi, na asiye na kadi ya benki anaweza kutumia kadi ya mtandaoni inayounganishwa na pesa za simu. Ningeshauri mtu aipakue badala ya kuisikiliza kwa bando, kwa sababu muziki wenye mapigo mengi namna hii huharibika mapema ubora wa faili unaposhushwa: matoazi hugeuka kuwa mchirizi wa mchanga, na kinanda, ambacho ndicho utajiri wake, hupoteza makali. A LA SALA inavumilia zaidi, hata kwa faili dogo lililotumwa kwa WhatsApp, kwa kuwa nafasi iliyoachwa kati ya noti na noti ni kubwa.

Kinyozi wa Ngamiani ameibakisha The Kalling kwenye flashi yake na huicheza alasiri. Mzee aliyeuliza kuhusu Mombasa ameomba awekewe "May Ninth" kwenye kadi ya redio yake ndogo, pamoja na nyimbo nyingine zozote za huyo mpigaji wa besi zitakazopatikana, na nimemwekea pia albamu yao na Vieux Farka Touré.